Swichi ya Pili

Nilikuwa karani wa masjala katika Hospitali ya Raudha, pale Wawi, kwa miaka kumi na tisa. Jina langu Time. Hospitali yenyewe ni ya wakfu, imejengwa na jamaa wa Kipemba walioko Maskati, haikuwa kubwa. Ninayetaka kumweleza ni Suhail Azzam, aliyekuwa fundi wetu wa seva. Watu wa Chake wanamkumbuka kwa sura, bwana mrefu wa miwani anayetembea na kompyuta kwapani. Kwa nini aliacha kazi, wachache wanajua. Mimi najua, kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa nilinyamaza pamoja naye.

Suhail ni mtu wa Konde. Babu zake walikuwa Waarabu wenye mikarafuu, mpaka Mapinduzi yalipowaachia nyumba moja na duka la nguo. Yeye alizaliwa 1982. Alipokuwa na miaka kumi na minane, baada ya maandamano ya Januari 2001 kuzimwa kwa risasi, kaka yake mkubwa alivuka kwenda Shimoni, Kenya, pamoja na mamia ya wengine, akakaa kambi ya wakimbizi miezi kadhaa. Aliporudi, kila gari likisimama nje ya nyumba aliacha chakula akaingia chumbani. Suhail hakuwa mtu wa kusemasema siasa, lakini alikula meza moja na kaka huyo kila siku.

Akasoma kompyuta Dar es Salaam, akarudi, na mwaka 2011 Raudha wakamwajiri. Mwaka huohuo waliajiri kijana mwingine wa rika lake, Jecha, mtu wa hapahapa Wawi, kushughulikia nyaya na mtandao. Baba yake Jecha alikuwa sheha, mkuu wa mtaa anayewekwa na serikali. Enzi hizo zilikuwa za maridhiano, watu wamechoka kuhasimiana, na hakuna aliyejali nani mtoto wa nani. Wale wawili walikuwa hawaachani. Walikula sahani moja ya urojo kwenye benchi nje ya dirisha langu, wakibishana mambo ya kebo. Mamake Jecha, Bi Rumaitha, alikuwa akimletea Suhail mikate ya kumimina kila Ramadhani. "Yule mwanangu wa Konde," ndivyo alivyokuwa akimwita.

Halafu ukaja uchaguzi wa 2015, ukafutwa, na Machi 2016 ukarudiwa. Aliyekuwepo Pemba mwaka ule hahitaji kuelezwa. Watu waliacha kusalimiana. Duka la mtu wa chama kile halikuingiwa na watu wa chama hiki. Gari la abiria lilipandwa kwa kuangaliwa kwanza dereva ni nani. Masheha ndio waliokuwa wakinyooshewa kidole zaidi, na watoto wao pamoja nao. Kule Konde walipeana neno wazi: atakayekwenda kwenye harusi au maziko ya watu wale, naye wa kwake akifa azike peke yake.

Bi Rumaitha alifariki mwezi wa Juni, katikati ya Ramadhani. Waliomzika hawakufika ishirini. Suhail hakwenda. Siku ya pili alikuja kazini, akakaa kwenye chumba cha seva mpaka jioni. Jecha aliporudi baada ya hitma hakumuuliza kitu. Hakugombana naye. Aliacha tu kumtazama. Kuanzia siku ile walizungumza kwa ujumbe wa simu, hata wakiwa vyumba viwili vinavyopakana, na ujumbe wenyewe ni wa kazi, maneno matano au sita.

Mimi pia sikwenda kwenye maziko yale. Niliseme mapema.

Mwaka ule tulipata mashine ya eksirei inayopiga picha za kompyuta. Zamani picha ilitoka kwenye karatasi yake, daktari akainyanyua dirishani akaitazama. Sasa mashine ilionyesha kivuli kidogo tu, cha kumjulisha mpigaji kama mgonjwa ametikisika, na picha kamili ikaenda kuhifadhiwa kwenye kabati la diski, ndani ya chumba cha seva. Daktari aliifungua kwenye kompyuta yake. Picha zilikuwa nzito. Kufikia Septemba, kufungua moja kulichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na madaktari walikuwa wakali.

Suhail alinieleza tatizo na dawa yake, maana mimi ndiye niliyekuwa nikipokea lawama dirishani. Tulikuwa na seva mbili. Ndani ya seva hizo mlikuwa na mashine pepe tisa, yaani kompyuta zisizo na mwili wao wenyewe: moja ya majina ya wagonjwa, moja ya dawa, moja ya picha, na kadhalika. Mashine hizo hazikuwa na mahali pa kuweka vitu vyao isipokuwa lile kabati la diski, na njia ya kwenda kabatini ilipita kwenye swichi. Seva ya kwanza ilipita swichi ya kwanza, seva ya pili ilipita swichi ya pili. Kinachosafiri humo hukatwa vipande, na kila kipande huitwa fremu. Fremu ya kawaida haizidi baiti elfu moja na mia tano. Picha moja ya eksirei hukatwa maelfu kwa maelfu ya fremu, na seva inahangaika na kila moja.

"Unaweza kuzikuza," aliniambia. "Elfu tisa badala ya elfu moja na mia tano. Vipande vinapungua mara sita, seva inapumua."

"Sasa mbona hukufanya siku zote hizi?"

"Kwa sababu kila kitu njiani lazima kikubali. Seva, swichi, kabati. Kikibaki kimoja hakijawekwa sawa, fremu kubwa ikifika pale inatupwa."

"Na wewe unaambiwa imetupwa?"

"Huambiwi kitu. Ndogo zinapita, kubwa hazipiti. Unaona kila kitu kizima, kumbe si kizima."

Seva na kabati vilikuwa mikononi mwake. Swichi zilikuwa mikononi mwa Jecha.

Walichagua Ijumaa moja ya Oktoba, baada ya sala, wakati kliniki imefungwa. Suhail alizihamisha mashine pepe zote tisa zikakaa kwenye seva ya kwanza, ili seva ya pili iwe tupu aifanyie kazi kwa nafasi. Akaweka elfu tisa kwenye seva zote mbili na kwenye kabati. Jecha alikuwa chumba cha pili, kwenye swichi zake. Mlango baina yao ulikuwa wazi. Nilipopita kuwapelekea funguo za stoo, kila mmoja alinishukuru kivyake.

Saa tisa kasoro Jecha akaandika ujumbe: swichi zote mbili tayari. Suhail akatuma fremu kubwa ya majaribio kutoka seva ya kwanza, akaikataza isikatwe njiani. Ikaenda, ikarudi. Akafungua picha ya zamani, ikafunguka palepale. Ilikuwa imebaki kujaribu kutoka seva ya pili. Hakujaribu. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuondoka kabla Jecha hajatoka, wasikutane ukumbini.

Saa tisa u nusu simu yake ikalia. Akaona jina la Jecha. Hakuifungua. Alikuwa ameshapanda gari la Konde, na hakutaka kusoma neno la yule bwana njia nzima, basi akausukumia kesho.

Siku ya pili, Jumamosi, asubuhi ya saa tatu, waliletwa watu wawili kwenye gari la karafuu. Mmoja alikuwa msimamizi wa shamba. Wa pili alikuwa amelazwa juu ya ubao wa mlango. Aliitwa Matano, mtu wa Kiuyu wa miaka arubaini na miwili, baba wa watoto watano. Alikuja Wawi kuchuma na wenzake, wamepiga dago, kambi yao ya muda, shambani kwa msimu. Tawi lilimvunjikia akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Niliandika jina lake mimi mwenyewe. Alikuwa akizungumza vizuri. Nilimuuliza anaumwa wapi, akasema shingo. Alinyanyua mkono akanionyesha. Vidole vya miguu vilikuwa vikichezacheza. Nataka hilo lijulikane, kwamba alipoingia mlangoni petu miguu yake ilikuwa mizima.

Daktari wa zamu alikuwa Daktari Raniya, binti mwangalifu, mwaka wake wa pili kazini. Alimvisha Matano kola ya shingo, akaagiza picha mbili za ubavuni. Ya kwanza huonyesha mifupa sita ya shingo. Ya pili hupigwa mabega yakiwa yamevutwa chini, ili uonekane mfupa wa saba, ule uliojificha.

Ya kwanza ilipigwa saa tatu na robo, ikafika kwa daktari mara moja, mifupa safi. Baada ya hapo kliniki ikajaa, seva ya kwanza ikalemewa, na mtambo unaosimamia seva, kama ulivyopangwa kufanya, ukaihamisha mashine ya picha kwenye seva ya pili iliyokuwa tupu. Hakuna aliyeona, wala halikuwa jambo la kuonekana. Picha ya pili ilipigwa dakika kumi baadaye. Kwenye orodha, ambayo ilikuwa imebaki seva ya kwanza, iliandikwa kwamba picha mbili zimepokelewa. Daktari aliibonyeza. Kikatokea kile kiduara kinachozunguka.

Alinijia dirishani. "Bi Time, picha haifunguki."

Nilimpigia Suhail. Alikuwa dukani kwa baba yake, nikisikia watu wakichagua nguo. "Zima kompyuta uiwashe," akasema. Niliizima, nikaiwasha. Kiduara. Nikampigia tena, akasema basi anakuja, lakini Konde si karibu, na gari mpaka lijae.

Daktari Raniya alisubiri nusu saa na dakika kadhaa. Kisha akaletwa mama aliyekuwa akitokwa na damu nyingi, na muuguzi akawa anamwita kutoka chumba cha pili kwa sauti ya kumhimiza. Daktari aliitazama tena picha ya kwanza. Ilikuwa safi. Orodha ilisema zote zimepokelewa, na nadhani kichwani mwake, kwa haraka ile, akajiona amekwisha kuziona zote. Alimfungua Matano kola akamwambia ajiinue taratibu, akikaa vizuri ataruhusiwa kwenda wodini kupumzika.

Matano akakaa. Nilikuwa mlangoni na faili lake mkononi. Alisema, "Mikono inanifa ganzi." Halafu akatazama chini, kwenye miguu yake, kama mtu aliyesikia kitu kimeanguka. Akasema, "Daktari, miguu siioni." Miguu ilikuwa palepale mbele yake. Alikuwa haisikii.

Suhail alifika karibu na adhuhuri. Alikwenda moja kwa moja chumba cha seva. Nilimfuata kwa sababu sikuwa na nguvu za kubaki kule. Alituma fremu ndogo kutoka seva ya pili, ikarudi. Akatuma kubwa. Hapakutokea kitu, wala kosa halikuandikwa. Akatuma tena. Kisha akatoa simu ampigie Jecha, na hapo ndipo alipoufungua ujumbe wa jana. Niliusoma juu ya bega lake. "Swichi ya pili imekubali lakini inataka kuzimwa na kuwashwa ndipo ishike. Usiitumie. Niambie ukiwa tayari niizime."

Alikaa chini kwenye sakafu, na mimi ndiye niliyempigia Jecha.

Jecha alikuja kwa miguu, kwao si mbali. Alizima swichi ya pili, akahesabu kwa midomo, akaiwasha. Dakika nne nzima tulikaa tukitazama taa zake za kijani zikirudi moja moja. Ijumaa, ile seva ikiwa tupu, dakika hizo nne zisingemgusa mtu yeyote. Suhail akafungua picha ya pili, iliyokuwa imekwama kwenye seva ikisubiri njia, na ikaja mara moja, kubwa, inang'aa. Si mimi wala wao tuliosomea mifupa, lakini tuliona. Mfupa wa saba ulikuwa umekaa mbele ya mwenzake kama tofali lililosukumwa.

"Nilikuandikia," alisema Jecha.

"Najua," alisema Suhail.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyoambiana kwa midomo tangu Juni, na shahidi wake nilikuwa mimi.

Kamati ilikaa siku ya tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sleiman, msimamizi wa hospitali, na pembeni yake wajumbe watatu wa wakfu. Nadhani walishajua wanachokitaka kabla ya kuingia. Raudha nzima, kuanzia wafagiaji mpaka madaktari, ilikuwa ya upande mmoja, na Jecha alikuwa mtoto wa sheha. Daktari Raniya alihojiwa kwanza akalia, wakamwachia kwa onyo. Niliulizwa mimi: picha ilikataa saa ngapi, nilimpigia fundi mara ngapi. Nikajibu. Sikuulizwa kama niliona ujumbe wowote, na sikusema.

Kisha wakamuuliza Jecha kwa nini swichi yake haikuwa tayari.

"Ilitaka kuzimwa," alisema. "Nilimwandikia Suhail aniambie lini." Akatoa simu yake mfukoni, akainyoosha juu ya meza.

Mzee Sleiman hakuipokea. "Mambo ya kazi huandikwa kwenye fomu," alisema. "Ujumbe wa simu si waraka. Suhail, wewe ulipata taarifa gani kwake?"

Suhail alikuwa amekaa na mikono magotini.

"Nilipata ujumbe kwamba swichi zote mbili tayari."

"Zote mbili?"

"Ndivyo ulivyosema."

Hakusema uongo. Ujumbe huo ulikuwepo. Jecha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu mamake afe, akamtazama muda mrefu, nikadhani atasema. Akairudisha simu mfukoni. Alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema hana. Wakamwachisha kazi siku hiyohiyo, na kabla wiki haijesha alikuwa amevuka kwenda Tanga kwa ami yake.

Wenzetu walimpongeza Suhail, wengine kwa kumpa mkono, wengine kwa kumpigia kelele za utani. Naye akawa hali chakula cha mchana. Alikaa hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alinijia kabla sijafungua dirisha.

"Dada Time, nifuate mahali. Nataka uwe shahidi."

Tulikwenda kwa miguu mpaka kwa sheha, baba yake Jecha. Watu walituona. Mzee alikuwa kibarazani na miwani yake na muhuri wake, kama siku zote. Tulimwamkia, shikamoo, akaitika marahaba bila kutazama juu. Suhail alimpa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Ameeleza kila kitu: ujumbe wa kwanza, wa pili, saa zake, kwamba hakuufungua, kwamba hakujaribu seva ya pili, kwamba mbele ya kamati alisema nusu. Chini yake mimi niliweka saini kuwa niliuona ujumbe ule kwa macho yangu.

Mzee aliisoma yote. Alipofika mwisho akarudia ukurasa wa kwanza.

"Unataka nini kwangu?" aliuliza.

"Muhuri, mzee. Isije ikasemwa si yangu."

Alipiga muhuri, akaandika tarehe, akatia saini, kama anavyowafanyia wanaotaka barua ya kitambulisho. Kisha akaikunja na kumrudishia. "Mwanangu alinambia siku ileile," alisema. "Nilimwambia rafiki yako atasema. Nilikuwa nakujua wewe." Akavua miwani akaanza kuifuta. Tulisimama pale tukisubiri atuambie twende, naye akaendelea kuifuta, tukaondoka.

Mzee Sleiman aliipokea karatasi na kuifungia droo. Alisema wafadhili wamekwisha pelekewa ripoti, na ripoti ya pili itaizamisha hospitali. Alimwambia Suhail apumzike wiki mbili. Suhail akaandika barua ya kuacha kazi palepale, akaiacha juu ya meza. Mimi nilibaki. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyelala kitandani, na sina sababu nyingine ya kutoa.

Matano alipelekwa Unguja, akakaa hospitali miezi mitatu, akarudishwa Kiuyu. Mikono ilirudi kidogo, vidole havikukunjika. Kutoka kifuani kwenda chini hapakuwa na kitu. Suhail alikwenda kwake mwezi wa Februari. Nilikwenda naye siku hiyo ya kwanza, nikakaa ukumbini kwa mkewe, Bi Tatu, mwanamke mwembamba anayesuka ukili. Suhail alisimama mbele yake akaeleza, yeye nani, alifanya nini, alinyamaza vipi.

Bi Tatu hakuacha kusuka. "Na mie nifanye nini kwa habari hiyo?" aliuliza.

"Sijui, Bi Tatu."

"Kumgeuza peke yangu siwezi. Mgongo wamuoza. Kama wataka kusema maneno, kaseme nae yeye. Kama una nguvu, mshike upande huo."

Akaweka ukili chini. Wakamgeuza Matano wawili, na Suhail alikiona kidonda cha mgongoni kwa mara ya kwanza.

Akawa anakwenda mara tatu kwa wiki. Kutoka Konde si mbali. Alikuwa amefungua meza ya kutengeneza simu kwenye duka la baba yake, akiifunga saa sita akashika njia ya Kiuyu. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kumnyanyua mtu mzito bila kumkwaruza, kazi aliyoijua tangu kambini. Yeye na Bi Tatu walimwogesha Matano, wakamgeuza, wakakifunga kidonda. Kule Konde walimwambia anajidhalilisha. Akaendelea kwenda.

Matano mwenyewe hakumtukana wala hakumsamehe. Alitaka aelezwe. Kila walipomaliza kumfunga, alisema, "Haya nambie tena vyo ilivyokuwa." Suhail alieleza: seva, swichi, kabati, vipande vidogo na vipande vikubwa. Matano alikuwa na akili ya kufuata jambo. Aliuliza maswali ambayo kamati haikuuliza.

"Hiyo picha ya kwanza ilopita, ilipita njia gani?"

"Ya swichi ya kwanza."

"Na hiyo ya pili kwa nini isifate hukohuko?"

"Mtambo uliihamisha. Kule kulikuwa kumejaa."

"Nani aliuambia uhamishe?"

"Mimi. Zamani, nilipoufunga. Nilidhani ndiyo vizuri."

Siku nyingine aliuliza, "Hicho chombo cha pili, kilipokuwa chatupa, hakikusema hata neno?"

"Hakikusema."

"Na weye ulikuwa na barua ya kukwambia."

"Nilikuwa nayo mfukoni."

Matano alitazama dari. "Ulikuwa wafanya nini saa ile?"

"Nimekaa kwenye gari. Natazama njia."

"Basi?"

"Basi."

Alifunga macho, na siku hiyo hakuuliza tena. Bi Tatu ndiye aliyenisimulia, alisema alipoingia na uji aliwakuta kila mmoja ametazama upande wake.

Matano alifariki masika ya 2018, kidonda kilipoingia mfupani na homa haikushuka tena. Miaka arubaini na minne. Bi Tatu alimtuma mwanawe mkubwa Konde na habari, na Suhail alikuwa miongoni mwa walioingia kaburini kumpokea. Baada ya siku arubaini Bi Tatu alimwambia asije tena. Hakumwambia kwa ubaya. Alisema kila akimwona mlangoni anadhani ni saa ya kumgeuza Matano, anainuka, halafu anakumbuka.

Jecha yuko Tanga, kwenye ghala moja la saruji, anaangalia kamera na nyaya. Nilimpigia mara moja, mwaka 2019, baada ya kustaafu, nikamweleza habari ya ile karatasi yenye muhuri wa baba yake. Alisema baba yake alishamsomea kwa simu. Nikamuuliza nimpe Suhail salamu gani. Alisema, "Mwambie nimepata kazi." Nilisubiri, nikidhani kuna zaidi. Aliniuliza hali ya watoto, tukaagana.

Nilimpelekea Suhail salamu hizo mwenyewe, Konde. Alikuwa amefungua simu ya mtu, amepanga skrubu zake juu ya kitambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza ni kazi gani, nikamwambia. Aliniuliza kama wanamlipa vizuri, nikasema sikuuliza. Akatikisa kichwa, akashika bisibisi, akarudi kwenye simu ya watu, na mimi nikakaa kidogo kwenye benchi lake kisha nikaenda kutafuta gari la Chake.